Samaki Aliyekuja kwa Ndege

Kwetu Nyamitaba, katika milima ya Masisi, mtu kula nje ya nyumba yake lilikuwa jambo la kuulizwa. Baba alipomwona mwanaume anatoka kwenye restora ya sokoni huku akijifuta midomo, jioni alituambia: "Ule papa, ao bibi yake alimukimbia, ao bibi yake iko na hasira." Sababu nyingine hakuijua. Mama naye aliamini kwamba chakula kilichopikwa na mtu usiyemfahamu kinakaa tumboni kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kulala.

Kwa hiyo nilianza kula nje nikiwa tayari mwanamke mzima, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto na muuzaji wa maharagwe. Siku za soko nilishuka na magunia hadi Rubaya, kwenye machimbo ya madini. Pale kila mtu ana haraka ya kutajirika, na hakuna mwenye muda wa kupika. Restora niliyoipenda ilikuwa turubai lililofungwa kwenye miti, na chini yake mabenchi na sufuria moja kubwa kama pipa. Wachimbaji walikuja wamejaa tope hadi kwenye kope. Wapagazi walikula wamesimama, mzigo mgongoni, kwa sababu kuutua na kuuinua tena kungewamalizia nguvu yote ya ule ugali. Mwenye restora alikuwa mama mwenye sauti ya kengele. Asubuhi alinunua maharagwe yangu, mchana nikaketi kwake nikayala. Nilikuwa nikilipa ili maharagwe yahame kutoka gunia langu hadi tumbo langu, na nilitoka pale nimeridhika kama mtu aliyesafiri.

Palikuwa na mahali pengine nilipopapenda, kando ya bariyeri moja, kizuizi cha barabarani cha watu wenye bunduki, ambapo mama mwingine alikaanga viazi. Wenye bariyeri walibadilika mara kwa mara. Leo hawa, mwezi ujao wale, kofia nyingine, lugha nyingine ya kukemea watu. Lakini wote walikula viazi vya yule mama, na wote walimwita Mama na kusema aksanti. Nadhani katika barabara ile yote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na serikali.

Huko ndiko nilikojifunza kula nje, na nilidhani najua yote yanayopaswa kujulikana, mpaka dada yangu aliponialika Walikale.

Dada yangu ni mkubwa wangu. Tulilala kitanda kimoja hadi alipoolewa, na hata baada ya hapo nilikaa muda mrefu nikilala upande mmoja tu, kana kwamba atarudi. Mume wake alianza kama mpagazi, kisha akawa mnunuzi wa madini huko Omate, akapanda na kupanda hadi akawa mtu wa kuvaa viatu vyeupe katika mji wa tope. Wakajenga nyumba Walikale penyewe. Simu zake zilikuwa fupi, na kila moja ilikuwa na neno jipya la Kifaransa ndani yake. Siku moja akanipigia.

"Mudogo yangu, kuja kunitembelea. Huku siku ya Mungu hatupikake. Tunakwenda kukula ku plaji."

Nilifikiri plaji ni kanisa jipya. Nikamuuliza mume wangu, kwa kuwa yeye ndiye anayelipwa kwa kujua.

"Plaji ni muchanga," akasema. "Bantu banalala juu yake, kando ya bahari."

"Walikale iko na bahari?"

"Hapana."

Akaangalia mlima ulio mbele ya nyumba yetu. Mwisho akasema, "Labda bameileta."

Nilisafiri kwa pikipiki, nimekumbatia gunia la maharagwe na jibini ya kwetu iliyofungwa kwenye majani ya ndizi. Masisi ni baridi. Nilikuwa nimevaa sweta juu ya sweta. Kadiri tulivyoteremka kuelekea msituni, hewa ilizidi kuwa nzito na ya moto, nami nikavua moja, halafu nyingine, na jibini ikaanza kutoa jasho pamoja nami. Matope yalitushika mara nyingi. Kwenye bariyeri waliuliza ninabeba nini, nikasema maharagwe, wakauliza naenda wapi, nikasema plaji. Hapo waliniacha nipite bila swali lingine. Nadhani walinihurumia.

Dada alinipokea mlangoni na kunibusu mashavuni, huku na huku, kama tunavyoona kwenye sinema. Alikuwa amenenepa vizuri. Kichwani alivaa nywele za kununua zilizofika mabegani, na alizungumza polepole, akipitisha maneno puani. Gunia langu likapelekwa nyuma ya nyumba. "Itasaidia batumishi," akasema. Jibini aliinusa kwa mbali. Hakuuliza habari za mama, wala za baba, wala za shamba letu la mlimani. Alinionyesha friji. Umeme haukuwapo, kwa hiyo friji lilitumika kuhifadhi viatu vyeupe vya shemeji, ili vumbi lisivifikie. Nilisema ni friji nzuri sana. Ilikuwa kweli, viatu vyote vilikuwa safi.

Siku zilizofuata nilikaa sebuleni kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Tulizungumza kuhusu mapazia. Kila nilipotaja mtu wa Nyamitaba, alijibu "ah bon," ile "kumbe" ya Kifaransa, na lile neno lilifunga mlango taratibu, bila kelele.

Siku ya Mungu ikafika. Baada ya misa akanichukua chumbani kwake, akanivua kitenge changu kwa mikono yake mwenyewe.

"Ku plaji muntu havaake sawa iko anakwenda kulima," akasema.

Akanivika gauni lenye maua makubwa, kofia pana ya ukindu na miwani ya jua. Mbingu ilikuwa nyeusi kama masizi. Kwa ile miwani sikuona ngazi za nyumba, nikashuka nimemshika mkono kama kipofu. Shemeji alitungoja barabarani, shati jeupe, kaptula nyeupe, na vile viatu. Mtu mkubwa wa miaka yake mwenye kaptula, nilikuwa sijawahi kumwona nje ya uwanja wa mpira.

Plaji ilikuwa kando ya mto Lowa, chini kidogo ya mji. Mwenye plaji alikuwa dereva wa malori wa zamani ambaye, katika safari zake, aliwahi kufika baharini na kukaa huko juma zima akingoja kipuri cha gari. Juma lile lilimharibu. Alirudi akiwa hawezi kutazama mto bila kuusikitikia. Basi akawakodi akina mama wabebe mchanga kwa mabeseni, akaumwaga kwenye uwanja mzima, akasimamisha miavuli ya nyasi, akapaka chokaa mashina ya michikichi. Kisha akajenga ukuta mrefu na kumwita mchoraji amchoree bahari. Bahari ile ilikuwa ya buluu kweli, na ndani yake palikuwa na meli na samaki mkubwa anayeruka. Nadhani mchoraji hakuwa amemwona samaki wa aina ile, ila alikuwa amemwona mbuzi.

Lakini kilichonishangaza ni viti. Viti vyote viliuangalia ukuta. Mto Lowa, mpana, wenye maji yanayokwenda kwa kishindo na msitu upande wa pili, ulikuwa nyuma yetu. Watu wote wa Walikale waliokuwa na uwezo walikuwa wameupa mgongo, wakinywa vinywaji na kuitazama bahari ya chokaa kwa utulivu mkubwa. Niligeuza kiti changu. Dada akakigeuza tena.

"Unataka batuone sawa batu ba kijiji?"

Meza ya mbele kabisa, karibu na ukuta, ilifunikwa kitambaa chekundu. Ilikuwa meza ya wakubwa. Shemeji alinieleza kwa sauti ya chini kwamba meza ile haikaliwi na mtu mwingine hata kama plaji imejaa. Nikauliza ni wakubwa gani. Akasema wakubwa wenyewe hubadilika, usiulize sana, kitambaa ndicho hakibadiliki. Siku ile waliketi wanaume wawili wa sare na mmoja wa tai, na walikula bila kuzungumza, kama watu wanaofanya kazi.

Mhudumu alikuja. Alikuwa mwanaume wa makamo aliyevaa tai ya kipepeo shingoni, na jasho lilimtiririka hadi kwenye kile kipepeo. Alimpa dada menyu iliyofunikwa plastiki, ndefu kama orodha ya watakatifu. Dada akaisoma kwa Kifaransa, kidole hewani. Akaagiza kuku wa mchuzi wa uyoga.

"Hiyo iliisha, Mama."

Akaagiza nyama ya mishikaki.

"Hiyo iliisha."

"Kamba ya bahari?"

"Hiyo haiyaanza, Mama."

Akaendelea kushuka karatasi ile mstari kwa mstari, bila aibu yoyote, na mhudumu akaendelea kuzika chakula kimoja kimoja kwa heshima. Nilikuja kuelewa kwamba ile ilikuwa sehemu ya mlo. Watu wa meza nyingine walisikiliza dada akitaja vyakula na wakamheshimu kwa vile alivyovikosa. Mwisho wakafika chini kabisa.

"Basi leta tomson na frite," akasema dada, kama mtu aliyekata shauri gumu.

Frite ni viazi vya kukaanga; tomson ni samaki wa barafu. Anavuliwa mbali sana, baharini, anakaa kwenye sanduku muda ambao hakuna anayeujua, na hadi kufika Walikale lazima apande ndege, kwa sababu barabara ni ile niliyopita mimi na jibini yangu. Wakati huohuo, nyuma ya viti vyetu, wavuvi walikuwa wanaegesha mitumbwi na kutoa kambale wanene, weusi, ambao bado walikuwa wanabishana na kifo.

"Na hawa?" nikamuuliza mhudumu, nikionyesha kwa kidole. "Munapikaka na hawa?"

Dada alinipiga teke chini ya meza. Mhudumu alitabasamu kwa huruma.

"Hao ni ya nyumbani, Mama. Hapa ni plaji."

Tulingoja. Dada alipiga picha ya meza tupu, akanipiga mimi na kofia, akapiga bahari na yule mbuzi wake. Shemeji alinieleza mpango wake wa kufungua plaji kule Masisi. "Kule muko na milima, muko na ng'ombe, muko na hewa muzuri," akasema. "Plaji tu njo inakosekana." Nilisema watu wa kwetu wangeshukuru sana. Njaa ilikuwa imenishika, na mtu mwenye njaa hukubali mipango yote.

Samaki walikuja wakati mawingu yalikuwa yamefika juu ya vichwa vyetu. Kila mmoja alilala kwenye sahani amejikunja, mdomo wazi, kama mtu aliyeshuka kwenye ndege hiyo sasa na hajapata nafuu. Nje aliungua. Ndani, nilipomgusa, bado alikuwa safarini: barafu ilikwaruza uma. Nilitaka kumshika kwa vidole, dada akanitazama. Basi nikambana kwa kisu na uma, nikakandamiza kwa nguvu zote za mtu aliyezoea jembe.

Samaki aliruka. Kwa mara ya pili katika maisha yake, au tuseme baada ya maisha yake, alipita hewani, akaangukia mchangani karibu na kitambaa chekundu. Mmoja wa wale wanaume wa sare alimtazama, akavuta mguu wake polepole sana, kama mtu anayejua vitu vilivyolala chini huwa vinafanya nini. Dada alifunika uso kwa menyu. Mhudumu alitembea bila haraka, akamwokota samaki kwa kitambaa, akaenda naye, na baada ya kitambo akamrudisha kwangu. Upande uliokuwa na mchanga aliufunika kwa vipande vya limau.

"Chumvi ya bahari," akaninong'oneza. Sijui kama alikuwa anatania.

Hapo mvua ikaanza. Wanaoijua mvua ya Walikale wanajua kwamba haidondoki, inamwagwa. Miavuli ya nyasi ilituhifadhi kwa muda wa kumeza mate. Kisha maji yakaanza kuteremka kutoka mjini, yakapita chini ya meza, yakabeba mchanga. Niliona kwa macho yangu plaji ikirudi mtoni ulikotolewa mchanga wake, polepole mwanzoni, halafu kwa mbio, na viti vitupu vikiufuata. Kwenye ukuta, bahari ilianza kulia. Buluu iliteremka kwa michirizi, meli ikazama, na yule mbuzi akayeyuka kuanzia miguuni.

Watu walikimbia. Wakubwa walikimbia kwanza, kama kawaida, na kile kitambaa kikabaki kimening'inia. Nilimtafuta shemeji. Alikuwa amevua viatu vyake vyeupe, amevikumbatia kifuani kama vitoto, na alikuwa ameshafika barabarani. Hakugeuka nyuma. Dada yangu alikuwa amesimama katikati ya tope na kisigino kimoja kimevunjika, nywele za kununua zimelala upande mmoja wa uso, akimwangalia mume wake akipotea.

"Alibeba viatu," akasema.

Hakusema kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili. Alisema kwa Kihunde, lugha ya nyumbani, na lilikuwa neno la kwanza la nyumbani nililolisikia kinywani mwake tangu nifike.

Nikamshika mkono, tukakimbilia moshi ulipotoka. Nyuma ya ukuta wa bahari palikuwa na kibanda cha mabati bila kuta, na ndani yake mama mnene aliyefunga kitenge kifuani, akikoroga chungu. Ndiye aliyekuwa mpishi wa plaji. Yule mhudumu alikuwa ameshafika, kipepeo mfukoni, anakula. Nikaja kujua kwamba ni mume wake. Mama yule alitupima kwa macho kuanzia kofia hadi miguu.

"Ni wewe njo ulirusha samaki?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Aksanti. Muda murefu nilikuwa nangoja muntu mumoja amurushe." Akasukuma kwa mguu bidoni la manjano, dumu la plastiki. "Mukae. Kiti iko ile tu."

Kwenye kile chungu palikuwa na kambale wa mto, aliyepikwa kwa mafuta ya mawese na pilipili na majani ambayo sikuyajua, na pembeni palikuwa na ndizi zilizopondwa hadi zikawa laini kama ugali. Lituma, ndivyo wanavyoiita kule. Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba ilibidi tupige kelele. Mama alipakua kwenye sinia moja, akaliweka chini, katikati.

"Mimi nimeshiba," akasema dada.

Uongo wake haukumaliza hata sentensi, tumbo lake likajibu. Mhudumu akacheka hadi akapaliwa. Dada akasimama kidogo, akiangalia kibanda, masizi, lile sinia, bidoni. Kisha akashika zile nywele zake, akazivua zote kwa mara moja, akazikamua kama nguo na kuzitundika kwenye msumari. Chini yake alikuwa na ile misuko midogo ambayo mama alikuwa akitusuka. Akaketi kando yangu, bega kwa bega kwenye lile bidoni, akaingiza mkono.

Sijawahi kumwona mtu akila vile. Alikula kama anayetafuta kitu alichokiangusha humo ndani. Mawese yalimtiririka hadi kiwikoni, juu ya gauni la kutoka kwenye duka kubwa. Aliponyonya kichwa cha kambale, nilimsikia hata katikati ya ile mvua.

Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Goti ya mama iko aje?"

"Inamuuma bado, siku ya baridi."

"Na anapanda ku shamba?"

"Anapanda. Anakaa kwenye jiwe, anatukana magugu."

Akacheka, na katikati ya kicheko ikawa kilio. Akaniambia kwamba kila siku ya Mungu alirudi kutoka plaji na njaa. Shemeji hakutaka apike, kwa sababu wafanyabiashara wenzake wakija na kumkuta mke ananuka moshi watasema biashara imeanguka. Basi alikaa sebuleni, akitazama mapazia, akisikia watumishi wanapika nyuma. Aliniambia kwamba alipoona gunia langu alitaka kulifungua palepale mlangoni na kuingiza mikono yake humo hadi kiwiko, lakini shemeji alikuwa amesimama.

"Na jibini?" nikauliza.

"Jibini niliila yote ile usiku. Na majani nilinusa."

Mama mpishi alimgonga begani kwa mwiko.

"Usilie mu chakula yangu, mama. Chumvi imetosha."

Tulikuwa bado tunakula shemeji aliporudi. Alikuwa amekodi mwavuli mahali fulani na suruali ndefu kwa mtu mwingine, ambayo kwake ilikuwa fupi kidogo. Alisimama kwenye ukingo wa kibanda, akamwona mke wake ameketi juu ya bidoni, kichwa wazi, vidole vyekundu kwa mawese, na nywele zake zinachuruzika msumarini. Alifungua mdomo.

"Ulibeba viatu," akasema dada, mara hii kwa Kiswahili ili wote wasikie.

Shemeji aliangalia viatu. Akaangalia upande wa plaji, kuona kama kuna mtu anayemjua. Hapakuwa na mtu, hapakuwa hata na plaji. Mama mpishi alisogeza jiwe kwa mguu, na mnunuzi mkubwa wa madini akaketi juu ya jiwe. Alikula kuliko sisi sote. Alipomaliza aliomba mchuzi uliobaki chini ya chungu, na nilipomtazama anavyoukomba kwa vidole, nilimwona yule mpagazi wa zamani, kijana aliyekuja kuposa kwetu akiwa na shati la kuazima na hamu ya kula isiyo na mwisho. Baba alimpenda kwa sababu ya ile hamu.

Njiani kurudi, mvua imepungua, alikohoa na kusema, "Muntu akiuliza, tulikula samaki ya bahari."

Dada akaendelea kulamba vidole.

Mwenye plaji hakukata tamaa. Akina mama walibeba mchanga upya, na mchoraji akarudi na rangi ya mafuta. Nasikia safari hii alitoa mbuzi na kuweka ndege. Shemeji anaendelea kuwapeleka wageni wake pale mbele, kwa kuwa biashara ni biashara. Lakini dada alianza kupitia nyuma. Mwanzoni alikuwa peke yake. Kisha akampeleka rafiki, rafiki akampeleka mume, na siku moja walimkuta mmoja wa wale wa meza nyekundu ameketi juu ya lile bidoni, kofia mfukoni, anachambua miiba. Watu wa mbele walipungua, watu wa nyuma wakaongezeka, mpaka mwenye plaji akashangaa bahari yake inatazamwa na nani.

Alipogundua, alifurahi sana. Akamwaga mchanga hadi nyuma. Akaweka viti, akaweka uma, akaandika kambale kwenye menyu kwa jina la Kifaransa ambalo mama mpishi mwenyewe hakuweza kulitamka. Kambale akaanza kuchelewa. Akaanza kuja na limau. Mama mpishi alivumilia kwa muda, halafu siku moja, ndivyo dada alivyoniambia kwenye simu, alichukua chungu chake, mwiko wake na mume wake, akaondoka.

Nilirudi Walikale msimu uliofuata, barabara ilipokubali. Dada alinipokea kwa kunikumbatia hadi mbavu zikauma, na gunia tulilifungua jikoni kwake, kwa kuwa sasa ana jiko, na shemeji amezoea moshi au amejifunza kunyamaza. Siku ya Mungu, baada ya misa, alinipitisha njia ya vichochoro, kati ya migomba, mpaka chini mitumbwi inapoegeshwa. Mama mpishi alikuwa pale, chini ya turubai, na chungu kwenye mafiga. Wavuvi walikuwa wameketi mchangani, mchanga wa mto wenyewe ambao hakuna aliyeubeba. Wote waliutazama mto. Tulikaa kati yao.

Tulikuwa tumeanza kula tulipomwona mwanaume mmoja mwenye tai na mkoba anateremka, akitafuta kwa pua. Alisimama mbele ya chungu.

"Mama, hapa ni restora?"

Mama mpishi alimwangalia. Nikaona anaiona menyu, anaziona uma, analiona lile limau, yote yakirudi nyuma ya ile tai.

"Hapana, Papa," akasema. "Hapa tuko na kilio."

Dada yangu, bila kuambiwa, aliinamisha kichwa na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mvuvi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa na ndizi mdomoni, nikashindwa kufanya lolote ila kutikisa kichwa kwa huzuni. Yule bwana alishtuka. Alitoa pole kwa kila mmoja wetu, mkono kwa mkono, akiinama kwa heshima, na alipofika mwisho hakuondoka. Alisimama akikizungusha kipini cha mkoba wake.

"Ninaweza kukaa kidogo na familia?" akauliza.

Tulitazamana. Ni vigumu kumfukuza mtu kwenye kilio. Mama mpishi alishusha pumzi ndefu, akasogea, akampigia mahali mchangani kwa kiganja. Bwana akavua tai, akaikunja vizuri ndani ya mkoba, akakunja na mikono ya shati. Kisha akanyoosha mkono kwenye sinia, na sisi wafiwa tukamsogezea kichwa cha samaki.